Namba nane wa barafuni: Bergeron, Datsyuk au Fedorov?

Nenda Sokoine siku ya dabi ya Mbeya City na Prisons, uone jukwaa linavyomshangilia namba nane anayeokoa ndani ya kumi na nane yake kisha akaibukia kwenye ya wenzake. Hoki ya barafuni nayo inaye mtu huyo, anaitwa senta, na swali langu ni nani bora kati ya hawa watatu waliocheza hivyo. Mechi ya Boston, timu ya Marekani, ikianza saa moja jioni kwao, Mbeya ni saa nane au tisa usiku kutegemea majira yao, na baridi ya Uyole ya Julai ukiikumbuka unaona kabisa barafu ile si mbali na sisi.

Tuzo ya Selke, inayotolewa tangu 1978 na NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, kwa mshambuliaji (senta ni mmoja wao) anayekaba vizuri kuliko wote, Patrice Bergeron wa Boston ameichukua mara 6. Hakuna aliyemfikia. Lakini mimi namweka wa kwanza kwa sababu ya kisahani cha kudondosha. Ni kama mpira wa kudondosha: mwamuzi anaachia kisahani cha raba cha gramu 170 hivi kati ya masenta wawili. Ukiwa karibu na goli lako, sheria inakutaka uweke fimbo chini kwanza, kwa hiyo mpinzani anakusoma kabla hujacheza. Dawa yake ni kuinama sana, kushusha mkono wa chini karibu na ubapa wa fimbo, kuifungia fimbo ya mwenzako njia, ndipo unavuta kisahani kwa beki wako. Ukiwahi, unaondolewa kwenye kudondosha huko na mwenzako anachukua nafasi; timu ikirudia kosa hapohapo, adhabu ni mchezaji mmoja kukaa nje dakika 2.

Ukipoteza, kazi ndiyo inaanza. Senta anashuka kusaidia mabeki wawili, na kosa la wengi ni kukimbilia kisahani nyuma ya goli wote watatu, mbele ya kipa pakabaki peupe. Bergeron alikuwa haondoki pale mpaka aone beki gani amezidiwa. Na bado alifunga mabao 427 katika mechi 1,294, zote akiwa Boston.

Pavel Datsyuk wa Detroit alikuwa mwizi. Anakujia kwa nyuma, anainua fimbo yako kidogo tu, kisahani kimeenda. Selke 3 mfululizo, 2008 hadi 2010, na tuzo 4 za mchezo wa kiungwana: alipokonya bila kufanya faulo.

Sergei Fedorov, naye wa Detroit, ndiye aliyefika juu zaidi kwa msimu mmoja. Msimu wa 1993-94 alifunga mabao 56, akatoa pasi za mabao 64, akawa mchezaji bora wa ligi na kubeba Selke mwaka huohuo. Hakuna mwingine aliyevipata vyote viwili pamoja. Kocha wake pale Detroit, Scotty Bowman, alifikia hata kumchezesha beki. Tofauti ni kwamba Bergeron alikaba hivyo kwa karibu miaka 20.

Sasa yupo Aleksander Barkov, Mfini wa Florida, mwenye Selke 3. Ukimtazama, achana na kisahani kwa sekunde tano baada ya timu yake kukipoteza, uangalie anarudi akipitia upande gani.