Seli Zinazoonekana Tupu: Mafuta Ndani ya Saratani ya Figo

Kipande cha figo kinapofika maabara ya patholojia hulowekwa katika fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, kisha hupitishwa katika alkoholi na zailini, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, kabla ya kuzamishwa katika nta, na katika safari hiyo mafuta yaliyomo ndani ya seli huyeyuka yakaondoka. Ndiyo maana anayetazama kwa hadubini aina ya saratani ya figo inayoongoza kwa watu wazima, ambayo ni takribani robo tatu ya saratani zote za kiungo hicho, huona seli angavu zenye kuta nyembamba na kiini cha zambarau, kana kwamba ndani hamna kitu. Kumbe palikuwa pamejaa. Uvimbe huohuo ukipasuliwa ukiwa mbichi huwa wa manjano iliyokolea, na ukigandishwa kwa baridi badala ya kutiwa nta, kisha ukapakwa rangi nyekundu inayoshika mafuta, matone huonekana yamesongamana.

Manjano hayo yalimfanya Mjerumani Paul Grawitz, mwaka 1883, aamini kwamba uvimbe huu huanzia katika masalia ya tezi adrenali, iliyokaa juu ya figo, ambayo kwa asili ina mafuta mengi. Chimbuko lake hasa ni mirija midogo ya figo yenyewe, na hapo ndipo pa kustaajabisha, kwa sababu seli za mirija hiyo, zinazorudisha chumvi, sukari na maji kwenye damu mchana na usiku, hutegemea zaidi kuchoma asidi za mafuta ili zipate nguvu.

Kinachovuruga mpango huo mara nyingi ni kupotea kwa jeni VHL, iliyo katika kromosomu ya 3 na iliyotambuliwa mwaka 1993. Oksijeni ikiwapo, protini ya VHL huzitia alama protini ziitwazo HIF, ambazo huiandaa seli kwa uhaba wa oksijeni, ili zivunjwevunjwe. VHL isipokuwepo, HIF hurundikana na seli huishi kama iliyokosa hewa ilhali damu inapita kando yake. HIF hupunguza CPT1A, kimeng'enya kinachofungulia asidi za mafuta mlango wa mitokondria, yaani vinu vya nguvu vya seli, nayo mafuta yasiyochomwa huhifadhiwa kwenye matone. HIF-2, mojawapo ya HIF hizo, huongeza pia perilipini 2, protini inayoyazunguka matone hayo. Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote: matone si takataka, kwani seli za saratani zilizonyimwa perilipini 2 katika majaribio zilielemewa na nyingi zikafa.

Nalisisitiza kwa sababu wagonjwa wengi huambiwa na jamaa zao kwamba wamejiletea uvimbe kwa kula vyakula vya kukaanga. Ni kweli kwamba unene uliokithiri, sigara na shinikizo la damu huongeza hatari, lakini mafuta yaliyo ndani ya seli hizi yamekaa humo kwa sababu ya jeni iliyoharibika, na si haki kumbebesha mgonjwa lawama hiyo.

Ujuzi huu umezaa dawa. Belzutifani, kidonge kinachozuia HIF-2, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa wenye ugonjwa wa VHL, yaani waliorithi jeni hiyo ikiwa na kasoro, na mwaka 2023 kwa saratani ya figo iliyokomaa ambayo imekwisha kupewa matibabu mengine. Kwa kuwa HIF-2 huiamuru pia figo kutoa homoni ya kutengeneza chembe nyekundu, anayekitumia hupimwa damu mara kwa mara, maana upungufu wa damu ni miongoni mwa madhara yake ya kawaida.