Viua vya kofia ya mama

Jumamosi, usiku

Nimenawa mara tatu na vidole bado ni vya njano, kama nimetoka kumsinga bibi harusi. Siku nzima nimekuwa uani na manjano, karatasi na kipande cha kofia ya mama, na nataka niyaandike yote kabla sijalala.

Jaribio lenyewe ni la kuchora picha kwa jua, na halihitaji kamera. Nimeloweka vijiko viwili vya manjano ya unga katika spiriti ya duka la dawa, maana kwenye maji matupu rangi yake haiyeyuki vizuri. Nikachuja kwa kitambaa, nikapaka karatasi nene kwa brashi, chumbani, madirisha nimeyafunga. Karatasi ikikauka unalaza kitu juu yake na kuitoa juani. Palipofunikwa panabaki njano. Palipo wazi mwanga unaivunja rangi pole pole mpaka panakaribia kuwa peupe. Mwisho unapitisha maji ya magadi, haya haya ya kuchemshia maharage, na ile njano iliyosalia inageuka nyekundu ya udongo mbele ya macho yako. Nimeliona mara nne sasa, na kila mara naita mtu aje kutazama.

Wiki iliyopita nilianza na jani la mwarobaini, likatoka na meno yake yote ya ukingoni. Lakini jani halikunitosha. Nilichokitaka tangu mwanzo ni kofia.

Mama anashona kofia za viua tangu mimi sijazaliwa. Anayezijua kofia za mkono anajua kazi iliyomo: kitambaa cheupe cha tabaka mbili, nakshi inachorwa kwa penseli, kisha kila kiua kinatobolewa na kuzungushiwa uzi, kimoja baada ya kingine, miezi. Watu huitazama kofia ikiwa kichwani. Mimi naipenda zaidi ikiwa bado kipande, kile cha mviringo cha juu ambacho hakijaunganishwa na ukingo wake, ukikiinua dirishani na mwanga ukatokeza vitone vitone. Utotoni nilikuwa nikikiweka usoni na kuuangalia mtaa wetu wa Ng'ambo, hapa Unguja, kupitia viua hivyo. Mama alikuwa akinikemea kwa sababu ya mate.

Nikamwomba kipande kimoja. Kwa kuogopa kukitia manjano niliweka kioo cha fremu juu ya karatasi, kofia juu ya kioo, na kioo kingine cha kuikandamiza. Nikaitoa saa nne asubuhi, nikaiingiza saa nane.

Nilipoifunua nilivunjika moyo. Nilitarajia vitone, nikakuta vijistari. Kila kiua kilikuwa kimevutika, kirefu kama punje ya ufuta, na nakshi yote imekuwa kama maandishi yaliyopigwa na maji. Nikaiweka pembeni, nikala, nikarudi kuitazama. Hapo ndipo nikaona kwamba vijistari vyote vimelala upande mmoja. Vyote, mashariki kwenda magharibi.

Mwaka 2016, tarehe 1 Septemba, jua lilipopatwa, kule Rujewa, Mbeya, likaonekana kama pete na huku kwetu likabaki hilali, nilisimama chini ya mwembe na kuona ardhi imejaa hilali ndogo ndogo. Kila upenyo kati ya majani ulikuwa umeangusha sura ya jua chini. Nikaikumbuka siku ile leo, mkononi nina karatasi yangu iliyoharibika. Upenyo mdogo hauangushi mwanga tu, unaangusha jua lenyewe. Na kwa kuwa kioo kiliiinua kofia milimita chache kutoka kwenye karatasi, jua lilipotembea, kila tone la mwanga lilitembea nalo upande wa pili. Saa nne nzima za mwendo wa jua zimeandikwa chini ya kila kiua cha mama.

Nimepiga picha nyingi kwa simu maishani mwangu, maelfu. Sikumbuki hata moja iliyonishika hivi.

Nilipomweleza mama, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini nisingelaza kofia moja kwa moja kwenye karatasi.

"Itaingia manjano, mama."

"Na jua litayatoa, mwanangu. Hizi kanzu za baba yako zenye mchuzi, unadhani nani huziosha?"

Basi tukafanya alivyosema, kwa karatasi nyingine niliyokuwa nimeshaipaka. Safari hii viua vimetoka vikali, vyeupe, na kuna jambo sikulitegemea: penye kitambaa kitupu mwanga ulipenya kidogo, rangi ikapauka, penye uzi mzito wa nakshi haukupenya, rangi ikabaki. Kwa hiyo karatasi ina rangi tatu, na uzi unaonekana umekoza kuliko kitambaa. Kwenye kofia yenyewe, nyeupe juu ya nyeupe, lazima uinamie ndipo uuone mkono wa mshonaji. Hapa unauona ukiwa mlangoni.

Kofia ilikuwa na waa, kama nilivyoogopa. Mama akalipaka sabuni, likageuka jekundu, nikashtuka. Yeye hakushtuka. Akasuuza, likarudi njano, akaanika. Kufikia jioni sikuliona tena. Nikabaki nimesimama pale kwenye kamba ya nguo, maana nilichokifanya mimi siku nzima kwa karatasi, spiriti na magadi, yeye hukifanya kila baada ya karamu. Sabuni ni kama magadi, inaigeuza rangi, jua linaivunja. Amelijua hilo miaka yote na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa anajua elimu.

Nimesoma kuhusu Mary Somerville, mwanasayansi Mskochi aliyekuwa akiishi Roma. Mwaka 1845 alimwandikia John Herschel, mwanasayansi Mwingereza, kumweleza majaribio yake ya mwanga juu ya maji ya maua na mimea. Herschel mwenyewe alikuwa ameshachapisha ya kwake mwaka 1842. Barua ya Somerville ilisomwa mbele ya wanachama wa Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, na kuchapishwa. Yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mwanamke, asingeweza kuwa mwanachama. Nilipomsoma mara ya kwanza nilivutiwa na jua la Roma. Leo ninamfikiria akiponda maua, vidole vimeingia rangi.

Tatizo la picha hizi ni kwamba hakuna dawa ya kuzifunga. Jua lililoichora ndilo litakaloifuta. Nilitaka kuziweka kashani, gizani, pamoja na vipande vya kofia. Mama amekataa. "Picha ya kufichwa ni ya nini?" Tena alichagua ile ya kwanza, ya vijistari, akaitundika ukutani sebuleni, mkabala na dirisha. Alikaa mbele yake muda mrefu akifuata kiua kimoja kimoja kwa kidole, akanionyesha pale alipokosea hesabu miezi miwili iliyopita na kulazimika kufumua.

Kabla ya kuzima taa nimefunika nusu yake kwa ukanda wa boksi la sukari, na nyuma nimeandika tarehe kwa penseli. Mama ameniuliza nitaufunua lini. Nimemwambia akimaliza ukingo wa kofia hii.