Sado ya dagaa na shahada yangu ya elimu ya awali

Mtoto aliyenifanya nielewe nilichokuwa nasoma alikuwa na miaka mitano, na mama yake anauza dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya wavuvi inaposhushia samaki.

Usiku wa kuamkia siku aliponielewesha nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba tunayopanga, upande wa Igombe, Mwanza, nikisoma somo la ukuaji wa mtoto kwenye simu. Tulikuwa tumefika kwa Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, na jaribio lake la maji. Unachukua vikombe viwili vinavyofanana, unavijaza maji sawasawa mpaka mtoto mwenyewe akubali kwamba ni sawa. Kisha mbele ya macho yake unamimina maji ya kikombe kimoja kwenye chombo chembamba kirefu, unamuuliza: maji mengi yako wapi? Mtoto wa miaka minne au mitano kwa kawaida atakuonyesha chombo kirefu. Piaget aliona kwamba watoto huanza kulielewa jambo hilo wakikaribia miaka saba.

Asubuhi nililijaribu. Niliwaita watoto saba chini ya mwembe, nikatumia vikombe vya uji na chupa ya maji niliyoikata shingo. Wote saba walionyesha chupa. Nilifurahi, maana kitabu kilikuwa kimesema kweli mbele yangu. Lakini baada ya mapumziko wazo lilinijia, nikatuma mtoto wa darasa la sita kwa mama mmoja jirani akaniazimie sado mbili na dagaa wa kuzijaza. Kwa asiyekuwa mtu wa huku, sado ni lile kopo la rangi tunalopimia dagaa, maharage na nafaka sokoni. Nikazijaza sado zote mbili mbele ya wale wale saba, kisha moja nikaimwaga kwenye beseni pana. Dagaa wakatandazika, wakaonekana wachache.

"Dagaa wengi wako wapi?"

Yule mtoto wa muuza dagaa alinitazama kwa mshangao. "Madamu, hii sado, na hii sado."

"Mbona kwenye beseni wanaonekana kidogo?"

"Mama akimwaga hivyo mteja anasema umenipunja. Mama anawarudisha kwenye sado, inajaa."

Niliganda pale na beseni mkononi. Maana hicho ndicho hasa Piaget alichokuwa anakitafuta kwa watoto: uwezo wa kulirudisha jambo nyuma kwa mawazo, kujua kwamba kilichomwagwa kikirudi kitakuwa vile vile. Mtoto huyu alikuwa nacho. Alikuwa nacho kwenye dagaa, lakini kwenye maji ya chupa hakuwa nacho bado. Wenzake wawili, nao watoto wa mwaloni, walijibu kama yeye.

Usiku ule nilitafuta kwenye maktaba ya chuo mtandaoni mpaka nikapata kwamba watafiti waliwahi kuona jambo la namna hiyo kwa watoto wa wafinyanzi wa Meksiko, wakalichapisha mwaka 1969. Watoto wale waliokulia kwenye udongo walikuwa mbele ya wenzao kwenye jaribio la udongo. Kazi yangu ya kwanza kupata alama ya juu niliiandika juu ya sado. Na tangu hapo nilijiwekea utaratibu mmoja ambao ndio ulionivusha miaka yote: nilichosoma usiku, nakijaribu darasani kesho yake. Kisipojaribika, naandika kwa nini.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali mwenye stashahada. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na watoto wetu walirudi tarehe 29 Juni. Waliporudi, wale wangu wa awali walikuwa wamebadilika kwa namna ambayo sikuweza kuieleza. Wengine walikuwa wamesahau hata kukaa pamoja, na wengine, jambo lililonishangaza, walikuwa wanazungumza na kuhesabu vizuri kuliko nilivyowaacha. Wamefundishwa na nani? Sikuwa na jibu, na kukosa jibu kuliniuma. Oktoba mwaka ule nikaanza shahada, kwa mtandao, kwa sababu mshahara wangu ndio unaolisha nyumba na sikuweza kuacha kazi nikakae chuoni.

Kujiunga kwenyewe hakukuwa kugumu. Nilikuwa na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 na kidogo, ambayo Tume ya Vyuo Vikuu inaitaka kwa mtu anayetoka stashahada. Nilimweleza mwalimu mkuu mapema, nikaandika barua kwa mwajiri kupitia kwake, na ninamshauri mwalimu yeyote afanye hivyo hata kama chuo hakimtaki atoke kituoni, maana ruhusa za mitihani zitakuja. Ada niligawanya kwa awamu, sehemu kubwa ikitoka kwenye kikoba cha walimu wenzangu.

Kilichonitesa ni lugha. Mimi nafundisha kwa Kiswahili, watoto wa darasa langu nyumbani kwao wanasema Kisukuma, Kikerewe, Kijita, na masomo ya shahada yote ni Kiingereza. Jambo linalopimwa na jaribio lile la maji lina jina lake la Kiingereza, conservation, na kamusi iliniambia maana yake ni uhifadhi, neno tunalolitumia kwa wanyama wa Kisiwa cha Saanane. Halikunisaidia chochote. Siku tatu nililizunguka neno lile mpaka nikaamua kuandika kwa maneno yangu: kujua kwamba kitu hakiongezeki wala hakipungui kwa kubadilishiwa chombo. Hapo ndipo lilipokaa. Basi nikanunua daftari kubwa la kurasa 200, nikawa naandika kila neno zito la somo na maelezo yake kwa Kiswahili cha darasani, na chini yake mfano mmoja wa mtoto ninayemjua. Mfano ndio uliokuwa unanifungua. Kwa Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi ambaye anasema mtoto huweza leo kwa kusaidiwa kile atakachokiweza kesho peke yake, mfano wangu ulikuwa msichana wa darasa la tatu anayemleta mdogo wake shuleni kila siku. Njiani humhesabisha mitumbwi iliyovutwa mchangani. Huanza yeye moja, mbili, tatu, halafu hunyamaza amwachie mdogo wake nne. Ndiye aliyekuwa jibu la swali langu la Juni 2020. Watoto wale walifundishwa na kaka na dada zao.

Intaneti ilikuwa shida nyingine. Ndani ya nyumba mtandao ulishika kwa kusuasua, juu ya jiwe ulishika vizuri. Kwa hiyo kuanzia saa nne usiku, watoto wakishalala, nilikuwa nabeba khanga, pawabenki na simu, napanda. Ziwani unaona taa za wavuvi wa dagaa, nyingi, zimejipanga. Nilijiunga bando la usiku kwa sababu ni nafuu, nikapakua video za mihadhara na vitabu vya wiki nzima mara moja, kisha siku nyingine nikasoma bila kuwasha data. Mfumo wa chuo wa masomo ya mtandaoni ulikuwa Moodle na programu yake ya simu inaruhusu kupakua maandishi ya somo, jambo ambalo wenzangu wengi kwenye kikundi chetu cha WhatsApp hawakulijua mpaka muhula wa tatu. Kompyuta mpakato niliazima kwa mwalimu wa darasa la saba kila nilipokuwa na kazi ya kuandika, wikendi tu.

Muhula wa pili nilipata sifuri kwenye kazi niliyoimaliza. Tangazo lilisema mwisho ni tarehe 14, saa 00:00. Mimi nilielewa usiku wa tarehe 14. Kumbe saa hiyo ndiyo tarehe 14 inapoanza, yaani usiku wa tarehe 13. Nilipanda jiweni jioni ya tarehe 14 na kazi yangu imekamilika, nikakuta mfumo umefungwa. Nililia pale juu peke yangu. Mhadhiri nilimwandikia kwa heshima zote, nikaambatanisha kazi, lakini alama haikubadilika. Kuanzia hapo kila tarehe ya mwisho niliandika ukutani jikoni kwa saa zetu, saa sita usiku wa kuamkia siku fulani, na kazi nilituma siku mbili kabla. Sikuchelewa tena hata moja.

Mambo ya historia niliyapita haraka. Froebel na bustani yake ya watoto Ujerumani mwaka 1837, Montessori na nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, niliwasoma, nikafaulu mtihani. Kwa Montessori nilichukua jambo moja tu, kwamba kifaa kikiwa kizuri mtoto anajisahihisha mwenyewe bila kumsubiri mwalimu. Vifaa vya dukani sikuweza kununua. Lakini Mwanza mawe yapo, visoda vipo, mabua yapo. Nilitengeneza vibao vyenye mashimo ya visoda, shimo moja mpaka kumi, na kisoda kikibaki mkononi mtoto anajua amekosea.

Darasa langu lilikuwa na watoto 94. Mwongozo wa nchi ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na kila nilichosoma chuoni kiliandikwa kama vile hao 25 ndio nilionao. Hili sitalipamba. Kuna mbinu nilizisoma nikaziacha kwa sababu hazifanyiki na watoto 94. Zilizofanyika ni zile za kona za ujifunzaji, kundi moja likiwa ndani kwenye vibao, jingine nje kwenye mchanga na maji, na dada mmoja wa kijijini aliyekubali kukaa na kundi la tatu la hadithi. Alikuja mkaguzi wa mazoezi ya kufundisha, akakaa kwenye kiti kidogo cha watoto saa nzima, akaniuliza kwa nini hadithi inasimuliwa kwa Kisukuma. Nikamwambia mwezi wa kwanza watoto wengi hawajibu swali la Kiswahili hata wanapolijua jibu lake. Wanaanza na "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na hadithi ya bibi, halafu Kiswahili kinaingia taratibu. Aliandika maneno mengi kwenye karatasi yake na alinipa alama nzuri.

Utafiti wa mwaka wa mwisho nao ulitoka darasani. Kila mwaka nilikuwa naona mahudhurio yanapanda na kushuka, na walimu tulikuwa tunasema wazazi wa mwaloni hawajali. Safari hii nilichukua rejista ya miezi minne nikaweka pembeni kalenda ya mwezi. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza, kwa sababu samaki hufuata taa zao. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti, wengi hupumzika. Na rejista yangu ilifuata hivyo hivyo. Wiki za giza viti vilikuwa wazi, wiki za mbalamwezi darasa lilijaa. Niliwatembelea akina mama saba wakati wanaanika. Mmoja, mikono yake ina magamba mpaka kwenye viwiko, aliniambia, "Madamu, mitumbwi inaingia saa kumi na moja alfajiri. Nisipopokea mimi anapokea mwingine. Mtoto akiamka simo ndani." Nilirudi nyumbani nimejaa aibu kwa yale tuliyokuwa tunayasema ofisini.

Nilimpelekea mwalimu mkuu rejista na kalenda. Tulikubaliana kwamba wiki za giza mlango wa awali usifungwe kwa mtoto anayechelewa, na uji uchelewe kunywewa mpaka saa nne ili atakayekuja saa tatu naye aupate. Bibi wawili wanaokaa karibu na njia walikubali kuwakusanya watoto na kuwaleta kwa pamoja. Haikujaza viti vyote. Lakini wale watoto ambao nilikuwa nawaona siku mbili kwa wiki nilianza kuwaona nne.

Nilimaliza mwaka 2024, mwaka ule ule mtaala mpya ulipoanza kutumika kwenye madarasa ya awali kuanzia Januari. Mtihani wa mwisho niliufanyia mjini, nikiwa nimetoka Igombe na daladala ya kwanza, nikapita Kirumba dagaa wanapakiwa kwenye malori. Bado niko darasa lile lile. Mshahara haukubadilika siku hiyo, na sikuusomea.

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu aliyeko Ukerewe alinipigia simu usiku. Ameanza muhula wa kwanza na amekwama kwenye Piaget.

"Dada, hili neno la maji na vikombe ni nini hasa?"

Nilimuuliza kama nyumbani kwake kuna sado.