Nilivyoifufua ngitili ya baba

Ngitili ya baba, yaani eneo la malisho linalofungwa kwa msimu ili nyasi zikue, iko Misungwi, mkoani Mwanza, ekari mbili kwenye mteremko wa kichanga, udongo ambao Wasukuma tunauita luseni. Yeye aliifunga kila mvua zilipoanza na kuifungua kiangazi kikikaza, malisho yamekwisha kila mahali. Alipofariki hatukuifunga tena. Ng'ombe wakala humo mwaka mzima, hadi katikati kukabaki vipara na vijikorongo.

Nilitaka nyasi ya Cenchrus ciliaris. Ni ya asili hapa Afrika, humea kwa mashina wala haitambai, na mizizi yake huzama zaidi ya mita moja, ndiyo maana ukame hauiui upesi. Suke lake ni kama kamkia kenye manyoya, ukilipukuchua linanasa vidoleni.

Nilipukuchua gunia zima kando ya barabara, nikapanda mwezi uleule. Halikuota hata jani. Bwana mifugo akaniambia nimekosea mara mbili: mbegu mbichi ya nyasi hii hulala, hutakiwa ikae ghalani miezi kadhaa, tena nimeifukia kwa jembe, wakati yenyewe inataka kufunikwa kidogo tu. Msimu uliofuata nilimwaga mbegu za zamani, nikaburuta tawi la miiba juu yake. Zikaota, lakini kwa mabaka.

Mama ndiye aliyenifungua macho. "Mwanangu, viazi si unapanda marando? Basi ng'oa mashina uyagawe."

Tuling'oa yaliyozeeka, tukakata majani yakabaki urefu wa shibiri, kila shina tukalipasua vipande vinne, kila kipande na mizizi yake. Tukavipanda siku ya pili baada ya mvua kubwa, kwa mistari inayokata mteremko. Pale chini penye mbuga, yaani udongo mzito wa mfinyanzi, vyote vilioza, maji hutuama, sikurudia. Pembeni nikapanda minyaa iwe uzio, na nikapita kwa majirani nyumba kwa nyumba kuomba wanisaidie kulinda. Hiyo ilinichosha kuliko jembe.

Sasa nyuma ya kila mstari mchanga umejikusanya kimo cha kiganja, na vijikorongo viwili vimejifukia. Nyasi ndefu za kuezekea, ambazo sikuzipanda, zimerudi zenyewe. Mwezi wa nane tulipofungua, mama aliingia na mundu kabla ya ng'ombe, akakata matita matatu ya kuezekea jiko lake.