Kadi ya TV imenitoa jasho

Jamani, mwenzenu nimenunua tyuna (kifaa cha kunasa matangazo ya TV) mara mbili ndiyo nikaona picha kwenye kompyuta yangu ya mezani. Ya kwanza ni kadi ya mtumba niliyoipata hapa Mombasa kwa bei ya kutupa. Nikafungua kasha, nikapuliza vumbi, nikaichomeka. Imeingia! Kompyuta ikaitambua, nikaona leo mpira nautazama hapa hapa. Kutafuta stesheni: sifuri. Dakika ishirini nzima ni chenga tupu.

Kumbe kadi yenyewe ni ya analojia, na Kenya mitambo hiyo ilizimwa 2015. Muuzaji alijua au hakujua, basi, hela imeshaliwa.

Ya pili nikasoma boksi kama mkataba wa nyumba. Hapa kwetu mfumo wa TV ya dijitali ya antena ni DVB-T2. Ikiandikwa DVB-T peke yake, bila ile mbili, iache hapo hapo dukani, haishiki kitu. Nikachukua ya USB. Antena yake ndogo ilikuwa kichekesho, nikaunganisha waya wa antena ya paani, na stesheni za bure zikamiminika. Za kulipia zimefungwa, hizo bado zataka king'amuzi chake.