Siku yangu na lifti za Upper Hill

Saa moja asubuhi. Niko juu ya paa la jengo la ofisi hapa Upper Hill, Nairobi, ndani ya chumba cha mitambo. Nakagua nyaya za chuma na breki kabla watu hawajajaa kule chini.

Saa mbili. Wameingia. Lifti hii hubeba kilo 630, yaani watu wanane. Upande wa pili wa nyaya vimening'inia vyuma vya kusawazisha, vyenye uzito wa chumba cha lifti kikiwa kitupu pamoja na nusu ya mzigo huo. Wakiingia watu wanne hivi, pande zinalingana. Kikipanda kimejaa, mota inainua kilo 315 za ziada. Kikirudi chini kitupu, inainua vyuma. Kwa hiyo asubuhi ni kulipa tu. Umeme unageuka mwendo, mwendo unageuka nishati iliyotulia juu. Karani wa kilo 70 aliyefika mita 30 kutoka chini ameketi na zaidi ya jouli 20,000 za nishati hiyo, naye hana habari.

Saa sita kasorobo. Stima imepotea, watu wawili wamekwama kati ya orofa ya nne na ya tano. Mwenzangu anasubiri orofa ya tano na ufunguo wa mlango. Nazima swichi kuu, nashika wenzo wa breki, naulegeza kidogo kidogo. Lifti inapanda.

"Fundi, mbona tunapanda na stima hakuna?" mama mmoja anauliza kwenye simu ya ndani.

"Vyuma ndivyo vinavyoshuka, mama."

Wawili hao wana kilo 150 hivi, basi vyuma vimewazidi kwa kilo 165. Kwa mita mbili tu, hizo ni jouli 3,200 zinazotafuta pa kwenda. Breki ikiachiwa kabisa zitageuka mwendo, na mwendo ukiongezeka maradufu nishati yake huwa mara nne. Kwa hiyo mkono hauna haraka: nataka ziishie kwenye breki, ziwe joto. Mama ametoka salama.

Saa nane. Stima imerudi. Githeri na parachichi kibandani.

Saa kumi na moja jioni. Saa niipendayo. Lifti zinashuka zimejaa, zinapanda tupu, na katika safari zote mbili upande mzito ndio unaoshuka. Mota inaburutwa, inageuka jenereta. Akiba ya asubuhi inarudi, ukitoa iliyoliwa na msuguano. Na inakwenda wapi? Kwenye resista, kifaa kinachogeuza umeme kuwa joto, ndani ya kisanduku cha bati ukutani, ambacho sasa hivi hakishikiki kwa moto. Hili linaniuma kweli. Ipo mitambo inayorudisha umeme huo kwenye nyaya za jengo ukawashe taa, na jengo lenye watu wengi namna hii linastahili kuwa nayo.

Kesho nina kikao na meneja. Nimemwomba tukutane saa kama hii, humu juu, kando ya kisanduku.