Miwani ya shilingi elfu moja

Leo sikukuu nne, siku ya nne ya Idi, wageni wamepungua, ndiyo kwanza nimekaa kitako. Mwanangu wa miaka mitano amelala na miwani yake ya plastiki usoni. Hiyo miwani ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka huu alikusanya pesa za sikukuu shilingi 8,500: elfu tano za babu yake, zilizobaki ni mia tano mia tano za mashangazi na majirani. Nikamwambia, "Hizi zako, utanunua unachokitaka." Sikukuu mosi jioni tukateremka Mnazi Mmoja, kiwanja cha sikukuu hapa Unguja. Akashika filimbi, nikasema itatupigia makelele. Akashika bastola ya maji. Utarowesha nguo mpya. Akaoneshea askrimu, wewe una kifua. Mara ya nne hakushika kitu. Alinikabidhi pesa zake zote, akasema, "Mama, chagua wewe."

Na mimi ni mwalimu wa maandalizi! Chuoni nilikihifadhi Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ule ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991: mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, kwa kadiri ya umri na upevu wake. Miaka yote nikidhani hayo ni mambo ya mahakamani, wazazi wakiachana. Filimbi sikuifikiria.

Skuli naweza, labda kwa sababu nguo zinazorowa si za kwangu. Huko nilijifunza kwamba ukimuuliza mtoto wa miaka minne "unataka kucheza nini?" anaduwaa, lakini ukimwambia "kona ya duka au kona ya michoro?" anakwenda mbio. Nyumbani kosa langu ni jengine: nauliza huku jawabu ninalo. "Unataka kunywa dawa?" Akisema hataki, namshika pua anywe. Sasa nilimuuliza nini? Dawa haina hiari, basi nisiiulize. Nimuulize kama atainywa kwa kijiko au kwa kikombe, na akisema kikombe iwe kikombe, hata kama kikombe chenyewe hakijaoshwa na mimi nimechoka.

Sikukuu pili nikamrudishia pesa zake. Nilimpa masharti mawili tu: barabarani mkono wangu hauachwi, na pesa ikisha imekwisha, siongezi. Akanunua miwani ya buluu, elfu moja. Nilimwona yule muuzaji akiifuta vumbi kwa kanzu, nikaona jinsi mkono mmoja wa miwani ulivyolegea, nikauma ulimi. Hatujafika Darajani kioo cha kulia kikadondoka.

Alilia mpaka nyumbani. Bibi yake akanitazama. "Si ndiyo huo wembe uliompa? Haya, mnunulie nyengine, mtoto asilie sikukuu." Mama mkwe nampenda, lakini hapo sikumjibu. Methali ya mtoto akililia wembe mpe mimi huiogopa kidogo, maana ziko nyembe zinazokata kweli. Hii ilikuwa ya elfu moja. Nikamwambia mtoto, "Pole baba, inauma," nikamkalisha mapajani, basi. Sikusema "nilikwambia", na wala nilikuwa sijamwambia. Kukaa pale bila ya kutoa noti kulinishinda nguvu kuliko kupika pilau ya watu arubaini.

Jana akataka twende tena. Kiwanja kizima, vitu vyote vile, amekwenda moja kwa moja kwa muuzaji yule yule. Nikajisemea moyoni, Ya Rabi. Akaomba miwani nyekundu. Akaifungua, akaifunga, akakibonyeza kila kioo kwa kidole gumba, akairudisha, akaomba nyengine. Ya tatu ndiyo aliyoilipia.

Mkono wa kushoto wa miwani hiyo umechomoka leo asubuhi. Ameufunga kwa plasta ya kidonda, mwenyewe, nami nilikuwa jikoni, hakuniita.